Tunapochangia mradi wa nguruwe nyumbani, tusichangie bakteria sugu

Hapa Campbelltown, kusini magharibi mwa jiji la Sydney, hakuna duka la dawa litakalokuuzia vidonge vya amoksilini bila cheti cha daktari. Unaweza kumweleza mfamasia kwamba kifua kinakubana tangu juzi, kwamba dawa hiyo unaijua tangu utotoni na kwamba kwenu huuzwa hata kwa Mangi. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuelekeza kwa daktari. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tulilalamika sana tulipofika. Sasa tumezoea. Lakini si wengi miongoni mwetu wanaojua kwamba utaratibu wa namna hiyo hiyo unamhusu hata nguruwe wa nchi hii. Karibu antibiotiki zote zinazotumika kwa mifugo Australia hutolewa kwa idhini ya daktari wa mifugo, na zipo ambazo hata huyo daktari haruhusiwi kumpa mnyama atakayeliwa.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu ya simu ambazo wengi wetu huzipokea. Nyumbani ni mchana, huku ni usiku, na mdogo wako yuko upande wa pili wa simu:

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Huku salama, ila nguruwe wanaharisha. Wanne wameshakufa tangu Jumapili. Tutumie kidogo tununue dawa."

Tunatuma. Mradi ni wetu pia, maana banda tulilijenga sisi kwa fedha za zamu za usiku, na ada za watoto tumezipigia hesabu juu ya nguruwe hao. Tunatuma na kurudi kulala. Hatuulizi ni dawa gani, nani ameiandika, itatolewa kwa siku ngapi, na nyama ya nguruwe atakayepona itauzwa lini. Maoni yetu leo ni kwamba mtu anayetuma fedha ana wajibu wa kuuliza maswali hayo manne. Asipouliza, anaweza kuwa anagharamia kitu ambacho kesho kitamwua mtoto wa nyumba hiyo hiyo aliyokusudia kuisaidia.

Tueleze kwanza tatizo lenyewe, kwa sababu mara nyingi huelezwa vibaya. Watu husema "mwili umezoea dawa". Mwili hauzoei dawa. Wanaozoea ni bakteria. Katika utumbo wa nguruwe mmoja wamo bakteria wasiohesabika, na miongoni mwao hutokea wachache ambao dawa fulani haiwadhuru. Ukitoa dawa hiyo, wale dhaifu wanakufa na wale wachache wanabaki na nafasi yote. Ukiitoa kidogo kidogo kila siku ndani ya pumba au maji, umewafungulia shule. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: dozi ndogo isiyotosha kuua vijidudu huvifundisha kuishi.

Lipo jambo la pili ambalo ni baya zaidi. Bakteria wana uwezo wa kupeana silaha. Kinga dhidi ya dawa mara nyingi imeandikwa kwenye kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata kama si wa ukoo wake. Kwa hiyo bakteria wa nguruwe asiyemdhuru binadamu anaweza kumkabidhi kinga hiyo bakteria mwingine anayemdhuru. Na mara nyingi kinga kadhaa husafiri pamoja katika kipande kimoja. Ndiyo maana mfugaji anayetumia dawa moja tu ya bei rahisi anaweza kujikuta amezalisha bakteria wanaozihimili dawa tatu au nne.

Kwa nini nguruwe hutajwa sana? Sababu ni namna anavyofugwa. Nguruwe ni wengi katika banda moja, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na mtoto wa nguruwe anayeachishwa kunyonya mapema, akiwa na wiki tatu au nne tu, hupata misukosuko mitatu kwa siku moja: anatengwa na mama yake, anabadilishiwa chakula, na anachanganywa na wenzake asiowajua. Tumbo linavurugika na kuhara kunaanza. Wafugaji wakubwa duniani waligundua kwamba antibiotiki katika chakula huzuia kuhara huko, na tangu miaka ya 1950 ikajulikana pia kwamba dozi ndogo humfanya mnyama anenepe haraka. Basi dawa ikageuka kuwa sehemu ya chakula.

Matokeo yake yameonekana. Mwaka 2005 madaktari wa Uholanzi waliripoti aina ya bakteria sugu wa MRSA kwa watu wa familia za wafugaji wa nguruwe, watu ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kuwa naye. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba bakteria huyo alikuwa ameenea kwenye mabanda ya nguruwe, na hospitali za huko zikaanza kumtenga mfugaji wa nguruwe anapolazwa mpaka vipimo vyake vitoke. Novemba 2015, wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamegundua kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini, chembe ya urithi iitwayo mcr-1 inayowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini. Kolistini ni dawa ambayo madaktari huitunza kwa ajili ya mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimeshindwa. Katika ufugaji wa China, dawa hiyo ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha nguruwe ili wakue haraka.

Ni haki tuseme pia kwamba hali hii inaweza kurudishwa nyuma. China ilipiga marufuku kuchanganya kolistini katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza mwaka 2017, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba bakteria wenye kinga hiyo walipungua kwa mifugo na kwa watu. Denmark, nchi yenye nguruwe wengi kuliko watu, iliacha dawa za kukuzia kati ya mwaka 1995 na 2000. Mwanzoni watoto wa nguruwe waliharisha zaidi na dawa za tiba zikaongezeka, lakini wafugaji walijifunza. Mwaka 2010 serikali yao ikaleta utaratibu ambao kila mpenzi wa mpira ataufahamu: mfugaji anayetumia dawa kupita kiwango anaonyeshwa kadi ya njano. Uholanzi nayo ilipunguza mauzo ya antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2009 na 2014, na ufugaji wa nguruwe haukufa. Umoja wa Ulaya kwa ujumla ulikataza dawa za kukuzia tarehe 1 Januari 2006, na Marekani ikaacha kuruhusu antibiotiki muhimu kwa binadamu zitumike kunenepesha mifugo mwaka 2017.

Turudi huku tunakoishi. Mtu akitoka Campbelltown kuelekea kusini kwa gari, baada ya muda mfupi anafika Menangle, mahali ilipo Taasisi ya Kilimo ya Elizabeth Macarthur, maabara kubwa ya serikali ya jimbo la New South Wales ya magonjwa ya mifugo. Wengi wetu tunapita jirani na hapo bila kujua kinachofanyika ndani. Wataalamu wa taasisi hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, wamesoma vinasaba vya bakteria aina ya E. coli kutoka kwa nguruwe wa Australia. Waliyoyaona yana sura mbili. Sura mbaya ni kwamba nguruwe hao, hata wenye afya, wamebeba bakteria wenye vipande vya kinga dhidi ya dawa za zamani kadhaa kwa pamoja. Sura nzuri imeonekana pia katika tafiti nyingine za nchi nzima: usugu dhidi ya dawa zile ambazo ni ngome ya mwisho ya binadamu uko chini sana.

Kwa nini uko chini? Sababu moja kubwa ni uamuzi. Australia haikuwahi kuruhusu dawa za jamii ya fluorokwinoloni, ambamo imo siprofloksasini tunayoijua sote kwa jina la "sipro", zitumike kwa wanyama wanaofugwa kwa chakula. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti yake mwaka 1999 na kusisitiza kwamba afya ya watu na afya ya mifugo ni kitabu kimoja. Jiografia nayo imesaidia, kwani nchi hii imezungukwa na bahari na nyama mbichi ya nguruwe inayouzwa madukani kwa kupikwa nyumbani ni ya hapa hapa.

Hata hivyo hatutaki kuwapamba wenyeji wetu kupita kiasi. Denmark huchapisha taarifa za matumizi ya dawa na usugu kila mwaka tangu katikati ya miaka ya 1990, wakati taarifa ya Australia ya mauzo ya dawa za mifugo kwa miaka ya 2005 hadi 2010 ilitoka mwaka 2014. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba MRSA wa aina mbili walikuwa wakisambaa kati ya watu na nguruwe wa nchi hii: mmoja ni yule wa mifugo aliyejulikana Ulaya, na mwingine ni wa binadamu wa Australia aliyehamia kwa nguruwe. Njia ni ya kwenda na kurudi. Mtu humwambukiza mnyama kama vile mnyama anavyomwambukiza mtu.

Sasa tutazame nyumbani. Ufugaji wa nguruwe umekua katika Afrika Mashariki katika kizazi chetu. Uganda ni nchi ya nguruwe, na jioni za Kampala harufu ya nyama ya kukaanga inajulikana. Dar es Salaam na Arusha kitimoto kina wateja wake wa kudumu. Kiambu na viunga vya Nairobi vina mabanda mengi. Nguruwe hahitaji shamba kubwa, hula mabaki, na baada ya miezi michache analipa ada. Hatuwalaumu ndugu zetu kwa kumchagua. Sisi wenyewe tuliwashauri.

Tatizo ni kwamba sheria inayohitaji cheti cha daktari ipo kwenye vitabu vya nchi zetu, lakini kwenye duka la dawa za mifugo, au agroveti kama wasemavyo Wakenya, mara nyingi kinachohitajika ni fedha tu. Mtu anaeleza dalili, muuzaji anatoa chupa ya OTC au penstrep, na sindano inachomwa nyumbani kwa kukisia uzito wa mnyama. Kuhara kukikoma siku ya pili, dawa inaachwa ili ibaki ya siku nyingine. Mnyama akizidiwa, anachinjwa haraka kabla hajafa, dawa ikiwa bado mwilini.

Na mara nyingine dawa hiyo haina kazi kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husababishwa na virusi. Hakuna antibiotiki inayoutibu ugonjwa huo, na ukiingia bandani huweza kuwamaliza karibu wote. Mfugaji asiyejua tofauti hiyo huchoma OTC kwa nguruwe kumi, nguruwe kumi wanakufa, na fedha tuliyotuma imekwenda kuwafundisha bakteria waliokuwamo bandani bila kumwokoa mnyama hata mmoja. Ugonjwa huo huzuiwa kwa mambo mengine: kutoruhusu nguruwe wazurure, kuchemsha mabaki ya chakula kabla ya kuwapa, kutonunua nguruwe wa bei ya kutupa wakati jirani zako wanalia, na kutomruhusu mchinjaji aingie bandani na viatu alivyotoka navyo kwa wengine.

Tunajua jibu tutakalopewa, na ni jibu la haki. Watatuambia: "Ninyi mnakaa Sydney, daktari wa mifugo anakuja na gari. Huku bwana mifugo mmoja anahudumia kata nzima na ukimwita anataka nauli. Nchi tajiri zilinenepesha nguruwe kwa dawa nusu karne, zikatajirika, sasa zinatuhubiria." Ni kweli. Ripoti ya Uingereza iliyotahadharisha juu ya dawa katika chakula cha mifugo ilitoka mwaka 1969, na Ulaya ikachukua zaidi ya miaka 35 kukamilisha katazo lake. Mwenye nguruwe watatu wa Masaka hakulianzisha tatizo hili.

Lakini bili haiendi kwa aliyelianzisha. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na viwango vya juu kabisa vya vifo vilikuwa katika Afrika Kusini mwa Sahara. Mmoja kati ya kila watano waliokufa alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Si wote hao waliougua kwa sababu ya nguruwe, wala hatutaki kudanganya. Sehemu kubwa ya usugu hutokana na matumizi mabaya ya dawa kwa watu wenyewe, hospitalini na majumbani. Ila bandani tunaongeza maji katika mto uliokwisha kufurika. Na huku Sydney dawa ya kwanza ikishindwa, ipo ya pili na ya tatu. Katika zahanati ya kijiji chetu mara nyingi ya pili haipo. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kuitunza dawa ya kwanza ni sisi.

Wapo pia wasomaji wetu watakaosema kwamba habari hii haiwahusu kwa kuwa wao hawali nguruwe. Tunawaheshimu, na nusu yetu tumo katika kundi hilo. Lakini bakteria hana dini wala hachagui sahani. Mbolea ya banda hupelekwa kwenye bustani ya mchicha. Maji ya kuoshea banda huingia mtoni. Aliyeshika nguruwe asubuhi hushika fedha mchana na mkono wako jioni. Tena yote tuliyoyasema juu ya nguruwe yanahusu pia kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa, na hao wako katika kila nyumba.

Basi tufanye nini? Hatusemi mnyama mgonjwa aachwe afe bila tiba. Tunasema fedha yetu ianzie mahali pengine. Kabla ya kutuma fedha ya dawa, tutume ya sakafu ya saruji inayosafishika, ya tangi la maji safi na ya chandarua au uzio wa banda. Tuwashauri ndugu zetu wasiwaachishe watoto wa nguruwe kunyonya mapema, na wasinunue nguruwe wapya bila kuwatenga kwanza. Tuweke kando nauli ya daktari wa mifugo kama tunavyoweka ada ya shule, kwa sababu ziara yake moja mara nyingi ni nafuu kuliko chupa tano za kukisia. Dawa ikiandikwa, itolewe kwa kipimo na siku zote zilizoandikwa, na iandikwe kwenye daftari: tarehe, nguruwe gani, dawa gani. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zikamilike kabla ya kuchinja.

Hapo tutoe tahadhari moja. Siku za kusubiri huondoa mabaki ya dawa katika nyama, lakini haziondoi bakteria sugu. Hao huuawa na moto. Nyama ya nguruwe iive hadi ndani, na kisu na ubao uliokatia nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na tusipeleke nyumbani mabaki ya vidonge vyetu kama zawadi, hata kama tumeombwa.

Sisi tunaosafiri tuna la kwetu pia. Hospitali za Australia huuliza kama ulilazwa nje ya nchi katika miezi 12 iliyopita, na ukisema ndiyo huenda ukapimwa bakteria sugu. Wapo wanaoficha kwa kuona kwamba wanadharauliwa kwa sababu ya wanakotoka. Tusifiche. Swali hilo huulizwa bila kujali ulilazwa nchi gani, na anayelindwa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye anaweza kuwa mama yako aliyekuja kukutembelea.

Kwa upande wa serikali, Kenya na Tanzania zilitoa mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Septemba 2024 viongozi wa dunia walikubaliana katika Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana na tatizo hili kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Karatasi zipo. Zinahitaji maofisa mifugo wa kutosha, maabara za mikoani na ukaguzi wa maduka ya dawa, na hayo tuna haki ya kuyadai kila balozi au waziri anapokuja huku kutuomba tuwekeze nyumbani.

Lakini tusiwasubiri. Simu italia tena wiki hii, na nguruwe watakuwa wanaharisha. Kabla ya kutuma, tuulize: ni dawa gani, nani ameiandika, itatolewa siku ngapi, na mtauza lini? Ndugu akikosa majibu, tumtumie kwanza nauli ya daktari wa mifugo.